Unatoka Wapi, na Ulilala Wapi?

Ukitoka Tabora mjini kwenda kusini unapita Sikonge, kisha unafika Ipole. Hapo barabara inagawanyika. Moja inashika njia ya Koga kwenda Mpanda, nyingine inaendelea kuelekea Rungwa na Mbeya. Basi likisimama hushuka watu wa kila namna: mrina asali anayerudi na madumu yake baada ya wiki kadhaa porini, mvuvi aliyetoka mto Ugalla, mkulima wa tumbaku, mama mwenye mtoto mgongoni. Salamu zikiisha, maswali yanayofuata ni yale yale siku zote: unatoka wapi, na jana ulilala wapi?

Kwetu sisi hiyo ni adabu ya kumpokea mgeni. Kwa tabibu aliyekaa kwenye meza ya zahanati, maswali hayo mawili yanaweza kuokoa maisha ya mtu. Nayatumia leo kusimulia kisa cha kweli kilichotokea katika hospitali za nchi yetu, tena si zamani. Kosa lililo ndani yake halikuwa la mtu mmoja mzembe. Lilikuwa la watu wenye bidii, waliosoma na kufaulu mitihani yao. Kwa sababu hiyo linaweza kuwa langu, na linaweza kuwa lako.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliingia katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Walitaka kujua jambo moja: mgonjwa anayelazwa na kuambiwa ana malaria kali, je, anayo kweli? Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria, hali zao zikiwa mbaya. Damu yao ilipoangaliwa kwa uangalifu kwenye darubini, waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062, yaani asilimia 46.1. Wengine 2,412 hawakukutwa navyo.

Tafadhali isome hesabu hiyo taratibu. Zaidi ya nusu ya watu waliokuwa vitandani, wakipewa dawa za malaria, hawakuwa na vimelea vya malaria katika damu. Kati yao, wapo wengi ambao hawakupewa antibaiotiki yoyote, ingawa homa kali ya namna ile mara nyingi huwa imeletwa na bakteria. Kifo nacho kiliwaandama wao zaidi. Wenye vimelea waliofariki walikuwa 142, kama watu 7 katika kila 100. Wasio na vimelea waliofariki walikuwa 292, kama watu 12 katika kila 100. Waliokuwa wakitibiwa ugonjwa wasio nao ndio waliokufa zaidi.

Mtu anaweza kusema, hayo yalikuwa ya wakati ule. Miaka michache baadaye, kati ya 2007 na 2008, uchunguzi mwingine ulifanyika katika hospitali mbili za Moshi. Wagonjwa 870, watoto na watu wazima, walikuwa wamelazwa kwa homa. Walioandikiwa kwamba wana malaria walikuwa 528. Waliokutwa na malaria kweli walikuwa 14. Baadhi ya wale wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, au homa zinazotoka kwa wanyama kama leptospirosisi, homa ya Q na homa za kupe, au walikuwa na chikungunya. Magonjwa hayo yote yalikuwa wodini, lakini kwenye mafaili lilikuwa limejaa jina moja.

Tukae kidogo kwenye dalili za hatari zilizopuuzwa, maana funzo liko hapo.

Dalili ya kwanza ilikuwa karatasi ya maabara. Wengi katika wagonjwa wa namna hii walipimwa. Jibu lilirudi likisema hakuna vimelea, na bado dawa ya malaria iliandikwa. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti mwingine wa huko huko kaskazini mashariki, uliolinganisha kipimo cha haraka na darubini. Ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya waliokutwa hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria hata hivyo, na kipimo kipya hakikuleta tofauti kubwa. Sote tunaijua kauli inayosemwa wakati huo: malaria imejificha. Kauli hiyo inatuliza moyo. Ubaya wake ni kwamba hakuna kipimo kinachoweza kuikanusha, na wazo lisiloweza kukanushwa na kitu chochote linampofusha anayelishika.

Dalili ya pili ilikuwa mahali. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwenye miinuko, ambako mbu wa malaria ni wachache, hana uwezekano sawa na mtu wa bondeni. Utafiti ule wa hospitali 10 ulionyesha hivyo wazi: kadiri makazi ya mgonjwa yalivyokuwa juu zaidi, ndivyo vimelea vilivyokuwa haba. Lakini mtu wa mlimani na mtu wa bondeni waliandikiwa neno lile lile. Aliyewapokea hakuwauliza wanatoka wapi, au aliuliza na jibu halikumbadilisha mawazo.

Dalili ya tatu ilikuwa umri. Katika maeneo yenye malaria nyingi, anayeshambuliwa vikali zaidi ni mtoto mdogo ambaye mwili wake haujajenga kinga. Mtu mzima aliyekulia humo anapoletwa hajitambui kwa homa, tabibu anapaswa kusimama na kujiuliza mara mbili.

Dalili ya nne ilikuwa mgonjwa mwenyewe. Amemeza dawa, homa haijashuka. Anapewa dawa nyingine ya malaria yenye nguvu zaidi. Hapo dawa imebadilishwa na wazo limebaki lile lile. Nadhani hii ndiyo dalili iliyopiga kelele kuliko zote. Mwili wa mgonjwa ulikuwa unajibu swali, na hakuna aliyekuwa anausikiliza.

Dalili ya tano ni ngumu kuiona, kwa kuwa inazikwa. Mgonjwa akifariki na faili likaandikwa malaria, kila mtu anaamini malaria imeua. Kosa linafunikwa na jina lake lenyewe. Tabibu hapati nafasi ya kujifunza, na kesho yake anampokea mwingine kwa mkono ule ule. Wahenga walisema mazoea yana tabu.

Kwa nini watu waliosoma waliyapita yote haya? Watafiti hawakuishia kwenye kuhesabu damu. Walikaa pia na matabibu wa hospitali za huko wakawasikiliza, na mwaka 2008 wakaandika walichokisikia. Matabibu wale walikuwa wamefundishwa toka chuoni kuitanguliza malaria. Wenzao kazini waliwavuta kwenye desturi ile ile, wagonjwa nao walikuja wakiitarajia malaria, na maabara haikuaminika sana. Lakini jambo lililonigusa zaidi ni hili: kumkosa mgonjwa wa malaria kulihesabiwa kosa lisilosameheka, ila kuukosa ugonjwa mwingine wowote kulivumilika. Ukiishi mahali ambapo kosa la upande mmoja lina adhabu na la upande wa pili halina, utaegemea wapi? Mimi ningeegemea walikoegemea wao. Nami nikiamka na mwili wa moto, neno la kwanza kinywani mwangu ni malaria, kabla hajatokea mtu wa kuniuliza chochote.

Hapa ndipo ninapomgeukia mwalimu na mtahini. Mwanafunzi wa udaktari hujifunza kile anachopimiwa. Akijua mtihani utamletea mgonjwa mwenye homa, kutetemeka na maumivu ya viungo, na kwamba alama iko kwenye neno malaria, ataliandika. Akiliandika mara hamsini na kusahihishiwa mara hamsini, mkono wake utakuwa umefundishwa hata kama kichwa chake kilikuwa na shaka. Mtihani umemzawadia kufika haraka kwenye jibu. Haujawahi kumuuliza afanye nini jibu lake linapokataa kusimama.

Kosa hili la kupima si letu Waafrika peke yetu. Katika miaka ya 1960 na 1970, walimu wa udaktari Marekani na kwingineko walitunga mitihani ya wagonjwa wa kwenye karatasi. Mwanafunzi alisoma habari za mgonjwa, akachagua la kuuliza na la kupima, akafichuliwa majibu hatua kwa hatua. Ulionekana mtihani mzuri sana. Kisha ikagundulika jambo la kushangaza: madaktari wenye uzoefu mara nyingi walipata alama chache kuliko wanafunzi. Usahihishaji ulikuwa unamlipa anayeuliza kila kitu, wakati daktari mzoefu huuliza machache yanayofaa. Mwaka 1978 Elstein, Shulman na Sprafka walitoa kitabu kilichotikisa fikra za wengi. Walionyesha kwamba hakuna ustadi mmoja wa jumla wa kutatua matatizo ya wagonjwa ambao mtu akishaupata anautumia popote. Aliyefanya vizuri kwa mgonjwa wa kifua anaweza kuvurunda kwa mgonjwa wa tumbo. Kwa hiyo mgonjwa mmoja kwenye mtihani hawezi kutuambia daktari tuliyenaye ni wa namna gani.

Njia nyingine za miaka hiyo na baadaye zilijaribu kutibu udhaifu wa mitihani ya namna hiyo. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walieleza mtihani wa vituo, ambapo mwanafunzi anazunguka kutoka kituo hadi kituo, kila kimoja kikiwa na kazi yake na msimamizi wake. Vyuo vyetu navyo vinautumia leo. Nchini Kanada walitunga maswali yanayolenga zile hatua chache ambazo daktari akizikosea, mgonjwa anaumia. Zote ni hatua za mbele. Lakini hata kituo kizuri kinaweza kugeuka orodha ya kuweka vema: amesalimia, vema, amenawa mikono, vema, amesema malaria, vema. Tukifika hapo tumerudi tulikotoka.

Basi mtihani unaofaa ungekuwaje? Turudi Ipole, maana eneo hili lenyewe ni darasa. Njia ya misafara kutoka pwani ilifika Tabora, ikaendelea hadi Ujiji na kuvuka ziwa kwenda Kasongo, Kongo. Wapagazi na wageni waliugua njiani, na mara nyingi ugonjwa uliitwa homa tu. Mwaka 1905 Robert Koch, akiwa katika koloni la Wajerumani huku Afrika Mashariki, alionyesha kwamba papasi waliokaa kwenye sakafu za vibanda vya kulala wasafiri walibeba vijidudu vya homa inayokata na kurudi. Mwaka huo huo, daktari Mwingereza Joseph Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huo Kongo, alifia Kasongo, naye mwenyewe akiwa ameambukizwa. Kwa hiyo toka enzi za misafara, swali la ulilala wapi lilikuwa na uzito wake.

Na porini kuna mbung'o. Watu wa magharibi ya Tanganyika walihamishwa kwa maelfu katika miaka ya 1920 na 1930 kwa ajili ya malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o huyo, wakakusanywa kwenye makazi ya pamoja. Mrina asali na mvuvi bado wanaingia kwenye misitu ile ile ya miombo.

Sasa mtungie mwanafunzi swali hivi. Mwanamume wa miaka 34 amekuja zahanati na homa ya siku tano na kichwa kinachouma. Andika maswali matatu utakayoanza nayo. Hapo msahihishaji asitafute jina la ugonjwa. Atafute kama mwanafunzi ameuliza kazi ya mtu huyu, alikotoka na alikolala.

Kisha mpe hatua ya pili. Mgonjwa anasema ni mrina asali. Alikaa wiki tatu porini, na wakati wa kurudi alilala siku mbili chini, kwenye kibanda cha udongo. Kipimo cha haraka kinaonyesha hana malaria. Ufanye nini? Mwanafunzi mzuri atakumbuka kwamba kipimo cha haraka kinatafuta malaria peke yake. Hakiwezi kuona vijidudu vya homa ya papasi, wala vya malale. Darubini inaweza kuviona vyote viwili kwenye tone lile lile la damu, mradi anayeangalia ameambiwa kuna nini cha kutafuta. Atauliza kama homa ilikata kisha ikarudi. Atatafuta kidonda mahali mbung'o alipouma, na tezi zilizovimba. Atamuuliza mke wa mgonjwa kama mumewe amebadilika tabia, au analala mchana na kukesha usiku.

Kisha mpe hatua ya tatu, ambayo mitihani mingi haina. Mwambie alichokidhania kimekataliwa na vipimo. Mwangalie atakavyofanya. Je, atasema ugonjwa umejificha? Au atarudi kwa mgonjwa na kuanza upya? Alama kubwa ziwekwe hapa, na zitolewe pia kwa mwanafunzi anayeandika: bado sijui, ninachotaka kukijua kwanza ni hiki, na wakati nikikitafuta nitamlinda mgonjwa kwa njia hii. Hizo ndizo alama ambazo hospitali zile 10 zilizihitaji.

Nisieleweke vibaya. Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria inaua watoto wetu hadi leo. Mwanafunzi akifundishwa kuidharau, tutakuwa tumelipa kosa kwa kosa. Ndiyo maana katika wagonjwa wa mtihani wawepo wengine ambao ugonjwa wao ni malaria kweli, na wengine wenye vimelea vya malaria pamoja na ugonjwa wa pili uliojificha nyuma yake. Mwanafunzi asiweze kubashiri.

Tena tujihadhari na jina jipya kuchukua kiti cha lile la zamani. Vipimo vya haraka viliposambaa, dawa za malaria zilipungua, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini siku hizi mgonjwa akikutwa hana malaria, ni mara ngapi anaambiwa papo hapo ana taifodi au UTI, na kupewa antibaiotiki? Utafiti wa watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, uliona kwamba wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kwamba virusi ndivyo vilivyotawala. Virusi havifi kwa antibaiotiki. Tumebadili neno tunaloliandika, na tabia ya kuandika kabla ya kuuliza tumebaki nayo.

Mwalimu mwenzangu, unayetunga maswali usiku huu, acha kidogo kalamu yako ujiulize: swali langu linamlipa nani, aliyewahi kujibu au aliyejua kusita? Mwanafunzi, usione aibu kubadili mawazo mbele ya msimamizi. Aibu ni kung'ang'ania mbele ya mgonjwa. Mkuu wa hospitali, wodi inapopoteza mtu, wakalishe vijana wako chini mlirudie faili pamoja, si kwa kumtafuta wa kulaumiwa, ila kuona ni wapi damu ilisema hapana na mkono ukaandika ndiyo.

Na sisi tunaoketi kwenye benchi la kusubiri tuna sehemu yetu. Tunapoingia kwa tabibu tukisema nina malaria, naomba dawa, tunamfungia mlango kabla hajaufungua. Safari ijayo homa itakaponishika, nimeazimia kujizuia. Nitasema nimetoka wapi, nililala wapi, homa ilianza siku gani, na kama ilikata ikarudi. Kisha nitanyamaza nimwache aniulize. Nawe fanya hivyo, na ukimpeleka mtoto, mkumbushe tabibu kwa upole pale atakaposahau kuuliza.